Gazeti ni la Nani, na Kosa Lake ni la Nani?

(Hotuba niliyoitoa Arusha mbele ya waandishi chipukizi, walimu wanaosimamia klabu za habari mashuleni, na wasomaji wachache waliokuja kwa hiari yao. Walioomba maandishi wamekuwa wengi kuliko waliokuwapo ukumbini. Nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni, nimepunguza vikohozi tu.)

Ndugu mwenyekiti, walimu, wazee wenzangu, vijana wangu.

Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristu. Asalaam aleikum. Ambaye hayumo katika hizo zote, habari za asubuhi.

Nimetoka Moshi alfajiri. Pale stendi, kabla sijapanda gari, nilisimama kwenye meza ya magazeti. Mnaijua desturi yetu. Watu kumi na watano wameizunguka meza, mikono nyuma, wanasoma vichwa vya habari, wanabishana, kisha kila mtu anashika njia yake. Hakuna aliyenunua. Muuzaji anawatazama tu kama mwenye shamba anayetazama ndege wakila mtama wake.

Nikawauliza, "Jamani, haya magazeti ni ya nani?"

Kijana wa bodaboda akajibu haraka, "Ya huyu mzee hapa anayeuza." Wakacheka. Mwingine akanyoosha kidole, "Hili la serikali." Nikamwambia sawa, na hili la pili? "La tajiri." Tajiri gani? Kimya. Na hili la tatu? Kimya zaidi. Watu hao hao walikuwa wamebishana robo saa nzima juu ya habari iliyokuwa ukurasa wa kwanza, karibu washikane mashati.

Swali hilo ndilo nimekuja nalo Arusha. Gazeti ni la nani? Lina mdogo wake, huyo nitamleta baadaye.

Ningeweza kuwapitisha kwenye magazeti ishirini, lakini tungelala hapa. Nitachukua moja, kwa sababu limepita mikono mingi.

Mwezi Januari 1930 pale Dar es Salaam lilianza gazeti la Kiingereza likiitwa Tanganyika Standard. Mwenyewe hakuwa Dar es Salaam. Mwenyewe alikuwa Nairobi, kampuni ya East African Standard. Na hiyo ya Nairobi nayo ilianzia wapi? Mombasa, mwaka 1902, na aliyeianzisha hakuwa Mzungu. Alikuwa mfanyabiashara wa Kihindi, A. M. Jeevanjee, akaliita African Standard. Mwaka 1905 akaliuza kwa Waingereza. Gazeti lililokuja kuwa sauti ya walowezi wa Afrika Mashariki lilizaliwa mfukoni mwa Mhindi ambaye walowezi hao hao hawakutaka aketi nao meza moja. Nilipolisoma hilo kwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu kama mwehu.

Na sisi je, tulikuwa na nini? Tulikuwa na Mambo Leo tangu Januari 1923, kwa Kiswahili, wazee wetu wakapeleka humo mashairi na barua. Lakini Mambo Leo lilikuwa la serikali ya kikoloni. Ilipofika 1937 ndipo mwenye duka mmoja wa Dar es Salaam, Erica Fiah, mzaliwa wa Uganda, alipoanzisha gazeti lake mwenyewe. Aliliitaje? Kwetu. Hebu litamkeni jina hilo taratibu. Kwetu. Mtu ana duka, ana karatasi kidogo, ana hasira kidogo, na jina la kwanza linalomjia linajibu swali letu la leo.

Moshi nasi hatukulala. Miaka ya 1950 Baraza la Wachaga lilikuwa na gazeti lake, Komkya, maana yake kumekucha. (Nawaona Wameru na Waarusha mnanitazama. Mchaga akipewa kipaza sauti lazima ataje la kwao, vumilieni.)

Sasa rudini kwa Standard. Nchi inapata uhuru, Standard lipo. Tanganyika inaungana na Zanzibar, Standard lipo. Mwishoni mwa Januari 1967 wakubwa wa TANU wanakutana hapa hapa Arusha, na tarehe 5 Februari Azimio linatangazwa. Njia kuu za uchumi ziwe mikononi mwa umma. Mabenki yanachukuliwa. Na mwaka huo huo, nasema mwaka huo huo, kampuni ya Standard inanunuliwa na Lonrho, kampuni kubwa ya Uingereza yenye migodi na mashamba Afrika nzima. Kwa hiyo Azimio linasomwa na wananchi kwenye gazeti la Kiingereza lenye mwenyewe London.

Hali hiyo ilidumu miaka mitatu. Tarehe 5 Februari 1970, Azimio likitimiza miaka mitatu kamili, serikali ikalitaifisha gazeti.

Mmoja wa wahariri wake wa Kiingereza wa enzi zile, Brendon Grimshaw, alikuwa ameshanunua kisiwa kidogo huko Ushelisheli mwaka 1962. Baadaye akaenda kuishi huko, akapanda miti na kufuga kobe wakubwa mpaka uzeeni. Kila mhariri niliyefanya naye kazi ameota kitu kama hicho ifikapo saa nne usiku ukurasa wa kwanza haujafungwa.

Sasa nisikilizeni vizuri, hapa ndipo penye nyama. Mwalimu Nyerere hakulichukua gazeti kimya kimya. Alitoa mwongozo. Alisema gazeti hili sasa ni la wananchi, litaunga mkono sera ya ujamaa, lakini litakuwa huru kukosoa matendo ya kiongozi yeyote wa chama au serikali. Hayo aliyaandika mkuu wa nchi. Mhariri Mkuu kwa cheo akawa Rais mwenyewe. Na wa kuliendesha kila siku akamteua mwanamama, Frene Ginwala, mpigania uhuru wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni.

Mnajua Mwalimu naye aliwahi kupandishwa kizimbani kwa sababu ya gazeti? Mwaka 1958, kwa makala iliyotoka kwenye Sauti ya TANU, kuhusu mabwana shauri wa Kiingereza, yaani wakuu wa wilaya wa kikoloni. Hakimu akasema faini shilingi 3,000 au jela miezi 6. Faini ikalipwa. Kwa hiyo mtu huyu alikuwa anajua utamu na uchungu wa kuandika.

Ginwala akaanza kazi. Gazeti likachangamka, likachoma. Kisha Julai 1971 huko Sudan jaribio la kumpindua Rais Nimeiry likashindwa, na Nimeiry akawanyonga viongozi wa Kikomunisti. Standard likaandika tahariri kali kulaani. Sudan ilikuwa rafiki. Ginwala akaondolewa.

Mwongozo ulimruhusu kukosoa viongozi wetu. Haukusema lolote kuhusu viongozi wa jirani. Ndivyo mwongozo ulivyo, jamani. Siku unapouhitaji ndipo unapogundua mstari uliosahauliwa.

Simsemi Mwalimu vibaya, na wanaonijua wanajua nilivyompenda. Ninasema hivi: kama mtu aliyewahi kutozwa faini kwa makala, mtu aliyeandika kwa mkono wake kwamba gazeti liwe huru, naye siku moja alimwondoa mhariri kwa tahariri, ninyi mnategemea nini kwa mwenye gazeti ambaye hajawahi kuandika hata barua kwa mhariri?

Tarehe 26 Aprili 1972 Standard likaunganishwa na The Nationalist, gazeti la TANU, likazaliwa Daily News. Mhariri wake alikuwa Benjamin Mkapa, aliyekuwa akihariri Nationalist. Huyo baadaye akawa Rais wetu wa awamu ya tatu. Ginwala naye akarudi kwao, na Mandela alipochukua nchi 1994, akawa Spika wa Bunge la Afrika Kusini. Chumba kimoja cha habari pale Dar es Salaam kimetoa rais na spika. Wakiwaambia uandishi ni kazi ya waliofeli, wajibuni hivyo.

Na leo? Kampuni bado inaitwa Tanzania Standard (Newspapers) Limited, mali ya serikali. Daily News lipo, Sunday News lipo, HabariLeo lilizaliwa 2006. Jina Standard limebaki kwenye karatasi za kampuni kama kovu la chanjo begani.

Hesabuni mikono. Mfanyabiashara, walowezi, Lonrho, serikali. Kila aliyelichukua kutoka kwa mwenzake alisema analikomboa. Sijawahi kusikia mtu ananunua gazeti akasema, "Nalinunua ili lininyamazie." Na hilo ndilo analoweza kununua.

Msiniwekee maneno mdomoni kwamba la serikali ni baya na la mtu binafsi ni zuri. Tuliopitia 1992 tuliamini hivyo. Vyama vingi vilikuja, magazeti yakaota kama uyoga baada ya masika. Reginald Mengi, mtoto wa Machame, akaleta The Guardian na Nipashe. Rai lilianzishwa na waandishi wenyewe mwaka 1993, tukashangilia, tukasema sasa gazeti limepata mwenyewe wa kweli, mwandishi. Miaka haikupita mingi kampuni yao ikaingia mikononi mwa Rostam Aziz, mfanyabiashara aliyekuwa pia mbunge. Mwananchi lilianza mwaka 2000 mikononi mwa Watanzania, kisha likanunuliwa na Nation Media Group ya Nairobi, ambayo kwa miaka mingi mwanahisa wake mkubwa alikuwa mfuko wa Aga Khan. Mnaona? Tumerudi Nairobi tulikotoka mwaka 1930. Na hilo la Mwananchi nalisema bila kinyongo, maana wengi tulisoma humo habari ambazo tusingezisoma pengine popote.

Kwa hiyo mwenye gazeti ni lazima umjue, lakini ukishamjua hujamaliza kazi.

Ninyi wa Arusha mna bahati ambayo hamuioni kwa sababu mnapita mbele yake kila siku. Majengo ya mji huu yamehukumu magazeti ya Afrika kuliko mji wowote ninaoujua. Nitataja matatu.

La kwanza ni AICC, kituo chetu cha mikutano ya kimataifa. Tarehe 3 Desemba 2003, mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya Rwanda ilitoa hukumu ya watu watatu wa vyombo vya habari. Mmoja, Hassan Ngeze, alikuwa mwanzilishi na mhariri mkuu wa gazeti la Kangura. Gazeti lake lilichapisha kile kilichoitwa amri kumi za Wahutu, mwaka 1990, zaidi ya miaka mitatu kabla ya mapanga. Alipata kifungo cha maisha, rufaa ikakipunguza kuwa miaka 35. Jaji alimwambia mwenzake, profesa aliyeshiriki kuanzisha redio ya uchochezi ya RTLM, kwamba bila bunduki, bila panga, alisababisha vifo vya maelfu ya watu wasio na hatia.

Rudini kwenye swali letu. Kangura lilikuwa la nani? La mhariri mwenyewe. Hapakuwa na mtu wa kumpigia simu kumwambia acha. Lakini pia hapakuwa na mtu wa kumwambia, "Subiri, hii si kweli." Tuliokuwa tunaota gazeti ambalo mwandishi ndiye tajiri, tulimeze hilo polepole.

La pili. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Desemba 2014, mhariri wa Burkina Faso, Lohé Issa Konaté. Aliandika kumtuhumu mwendesha mashtaka kwa rushwa, akafungwa miezi kumi na miwili. Mahakama ikasema kumfunga mwandishi jela kwa kashfa kunavunja Mkataba wa Afrika. Kesi ya mtu wa Ouagadougou ikaamuliwa na mahakama yenye makao yake Arusha.

La tatu ni Mahakama ya Afrika Mashariki. Juni 2018 ilisema amri ya waziri wetu ya mwaka 2016 kulifungia gazeti la Mseto miaka mitatu haikuwa halali. Machi 2019 ikasema vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 vinakiuka mkataba wa Jumuiya. Sheria zenyewe sitaingia ndani, wanasheria wamo humu na wanalipwa kwa kazi hiyo.

Mji mmoja umemhukumu mhariri kwa alichoandika, na umewatetea wahariri kwa walichoandika. Kijana akiniuliza mipaka ya uhuru wa gazeti iko wapi, namwambia apande daladala, azunguke Arusha.

Niseme kidogo juu ya bahasha, maana nikiliruka mtasema mzee ameogopa. Koresponda wa mkoani analipwa kwa habari iliyotoka. Isipotoka, nauli yake imekwenda. Anafika kwenye mkutano, anapewa bahasha "ya mafuta". Hana gari! Mafuta ya nini? Mwenye gazeti asiyemlipa mwandishi wake amewakaribisha wengine wamlipie. Ndiyo maana gazeti linaweza kuwa na mmiliki mmoja Dar es Salaam na wamiliki wadogo wadogo mikoani, kila mmoja na habari yake aliyoinunua. Nilizipokea? Mbili. Nazikumbuka zote mbili na nilichonunua nazo.

Sasa yule mdogo wa swali letu. Kosa la gazeti ni la nani?

Nilipoanza, habari tulikuwa tunaisoma kwa simu. Unakwenda Posta ya Moshi, unaomba laini, opereta anakuunganisha, unapiga kelele herufi kwa herufi, na huko Dar es Salaam mwenzako anaandika. Nilisoma habari ya daraja lililovunjika Kirua. Kesho yake gazeti likatoka: daraja lavunjika Kilwa. Viongozi wa Kilwa walizunguka siku nzima wanatafuta daraja. Tulicheka mwezi mzima. Masahihisho yalisema, "Kulitokea makosa ya kiuchapaji."

Lisikieni hilo neno. Kulitokea. Nani alitenda? Hakuna. Limetokea lenyewe, kama mvua. Na "ya kiuchapaji". Mchapaji wa nchi hii amebebeshwa dhambi za wahariri wote tangu mkoloni. Kiswahili chetu ni kitamu, kina maficho mengi: inasemekana, imedaiwa, habari za kuaminika zinaeleza. Mwandishi mvivu anaweza kukaa humo maisha yake yote asionekane.

Kosa langu la pili halikuchekesha.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 niliandika juu ya karani wa chama kimoja cha msingi cha kahawa, huko mlimani. Magunia yamepotea, karani amekamatwa. Nilizungumza na viongozi wa chama, nikazungumza na polisi. Karani alikuwa mahabusu, nikasema nitampata baadaye. Baadaye! Dedilaini ilikuwa imefika, na habari ilikuwa tamu. Ilikwenda ukurasa wa kwanza, na jina lake kamili.

Miezi mitano ikapita. Mahakama ikasema hana kesi ya kujibu. Magunia yalikuwa yameandikwa kwenye kitabu cha ghala lingine. Nilipeleka habari hiyo, sikuficha. Ikatoka.

Jumapili moja baada ya ibada mzee yule akaja nyumbani. Mke wangu akamtengea chai. Hakuigusa. Akatoa mfukoni karatasi mbili zilizokunjwa vizuri, akazitandaza mezani. Moja ni ile habari ya kwanza. Ya pili ni ile ya kuachiwa kwake, ukurasa wa kumi na moja, chini ya tangazo la zabuni ya ukarabati wa vyoo. Kisha akatoa rula. Rula ya mti, ya shule. Akapima ya kwanza mbele yangu. Akapima ya pili.

Akasema, "Mwanangu, hii ni sentimita 31. Hii ni tatu na nusu. Zilizobaki nimdai nani?"

Nikaanza kumweleza. Mzee, mimi ninaandika tu, wa kupanga ukurasa ni mhariri, yuko Dar es Salaam, nafasi zinategemea matangazo. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akaweka kidole chini ya jina langu. "Dar es Salaam sikujui. Jina lililoandikwa hapa ni lako."

Tangu siku ile nimesoma miongozo mingi ya maadili. Baraza la Habari, lililoanzishwa na wanahabari wenyewe mwaka 1995, lina kanuni nzuri, na ukidhulumiwa na gazeti unaweza kupeleka malalamiko huko badala ya kuhangaika mahakamani. Nimesoma na sera za magazeti makubwa ya nje, kurasa kwa kurasa. Zote zinasema kosa lisahihishwe haraka na kwa uzito unaostahili. Hakuna niliyoiona inayosema sentimita ngapi.

Mkitaka kulijua gazeti, mmiliki mtamtafuta kwa msajili wa makampuni. Lakini uhariri mtautafuta kwenye masahihisho. Yako ukurasa gani? Yamemtaja aliyekosewa, au yanasema "mkazi mmoja"? Yanasema "tulikosea", au yanasema "kulitokea"? Gazeti la serikali linaweza kusema tulikosea. Gazeti la tajiri linaweza kusema kulitokea. Nimeyaona yote mawili, na kinyume chake pia.

Mzee aliondoka bila kunywa chai. Rula aliiacha mezani. Nilimkimbilia mpaka barabarani, akanipungia mkono tu, akaendelea kushuka. Sikupata kujua kama aliisahau.

Hii hapa. Namba za upande mmoja zimefutika, lakini inapima.

Na haya ni magazeti saba ya leo, nimeyanunua kwa yule mzee wa stendi, wale kumi na watano wakinishangaa. Walimu, msaidie kusogeza meza. Tutaanza na hili la juu, ukurasa wa kwanza, kisha tutafute masahihisho yako wapi. Binti wa shati la bluu pale nyuma, njoo ushike rula.